Orodha Yako kwenye Koti la Kutupa

Ingrid shoga yangu, umeniua. Umeniua kabisa!

Ile orodha uliyoniandikia, ya kumnasa Leif wa duka la baiskeli, niliisahau mfukoni mwa koti kuukuu. Koti lenyewe nikalivua na kulitupa njiani nilipopata joto, kama tunavyofanya wote kwenye mbio za juu ya ziwa lililoganda.

Na unamjua Mama Gunderson, mtangazaji wetu wa mbio. Makoti yakiokotwa anayapekua mifuko, anatangaza kwa kipaza sauti mpaka mwenyewe ajitokeze.

Wakati huo mimi nachechemea kwenye theluji, mkono begani kwa Leif. Mguu mzima, Ingrid! Nilikuwa natekeleza namba mbili ya orodha yako.

Tunakaribia utepe wa kumalizia, namsikia Mama Gunderson: "Koti la kijani lina karatasi! Moja, sifia kofia yake. Mbili, jifanye umeteguka mguu..."

Leif akasimama. Kope zake zimeganda barafu. "Kofia yangu umeisifia tangu asubuhi."

Nilitamani ziwa lipasuke linimeze.

"Tatu," Mama Gunderson akaendelea, "mwombe mkanywe kakao."

Leif akautoa mkono wangu begani. "Haya kimbia, mwongo wee! Kakao itapoa."

Sasa ameenda kuchukua vikombe. Orodha yako iliishia tatu. Nne ni nini? Haraka, anarudi!