Maji Nyekundu ya Tundege

Siku ya Mungu, hakuna kazi, mangaribi bado kufika. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, sasa imekatika, na matope nyekundu imefika mpaka ku mulango. Mulango nimeukaza na fimbo.

Niko na woga. Mi, mwenye alipigana na mamba ku Lualaba na kumuvunja jino! Lelo woga imenikamata kama malaria.

Yote inatoka ku tundege twangu. Ni tule tudogo tunakunywa maua. Kamoja hakapite kidole gumba, kifua kijani yenye kungaa sawa lile jiwe ya shaba, mudomo umepinda kama shindano ya kushona magunia. Mi njo nilitufundisha kuja. Nilitundika chupa ya dawa ku muti ya papayi na waya, kichwa chini, nikaweka mu kifuniko kamurija ka unyoya. Ndani maji ya sukari, yenye nimechemsha na maua ya lumanda, ile mboga ya ukali bamama banapika na samaki, kwa sababu rangi nyekundu inaita tundege haraka. Kamoja kananijua jina. Basi, jina hapana. Lakini kananijua.

Nikiwa natuangalia, hata kelele ya mashine ya kuponda mawe siisikie.

Jana ku baa Kazadi alinicheka. Kazadi ni jirani yangu na mwenzangu wa kazi, mutu wa Kasai, tumbo mbele kama ngoma. Akasema mbele ya bantu bote: "Angalieni mwanaume muzima! Ananyonyesha tundege! Hii si kazi ya bamadame ba Bazungu?"

Baa yote ikacheka. Na mi, kuchekwa siwezi.

Nikainama, nikasema polepole: "Unafikiri ni sukari? Ile ni damu. Batumbula njo bananiletea. Tundege tunakunywa, kisha tunaruka kwa Bazungu kubaambia nani amenona. Wewe, tata, na ile tumbo, bamekwisha kukuchagua."

Hakuna mwenye alicheka. Bote tunajua batumbula, bale banakamata bantu njiani mu giza, kubapelekea Bazungu babakule. Mutu moja akaweka kikombe chini. Nikasikia utamu, sitaficha. Sijapata kusikilizwa vile tangu nilizaliwa.

Asubuhi Kazadi hakuwa kwake. Kitanda haikulaliwa.

Bibi yake, Mama Ngalula, akafika ku kiwanja yangu na shemeji zake wawili, na nyuma yao bantu ba mustari muzima wa nyumba zetu.

"Tata, mume wangu eko wapi?"

Hakupiga kelele. Ile njo iliniogopesha zaidi. Shemeji mukubwa alishika kipande ya chuma.

"Sema! Umemupeleka wapi?"

Nikaonyesha chupa. "Ni sukari, bandugu! Onjeni!"

Bakarudi nyuma bote. Nikataka kunywa mi mwenyewe, mukono ikasimama mu njia: nikikunywa, batasema mwenye kukunywa damu njo huyu.

Njo pale bibi yangu akatoka jikoni. Akashusha chupa, akamwaga kidogo mu kiganja, akalamba. Akafunga macho. Akanigeukia.

"Sukari," akasema. "Sukari yangu ya posho! Batoto banakunywa chai ya uchungu, na wewe unaapa ni panya njo banaikula! Panya, panya, kila siku panya! Mutu mukubwa, kichwa ya boga!"

Mama moja akacheka, kisha wa pili. Sijapata kufurahia matusi kama lelo. Yule wa chuma hakucheka.

Na Kazadi akatokea ku njia ya nyuma, nguo matope tupu. Bibi yake akamurukia. "Ulilala wapi, weye?"

Akatazama chupa, akanitazama mi.

"Kwa muyomba wangu, ndugu ya mama, karibu na gare ya treni," akasema. "Niliogopa kupita mbele ya kiwanja ya huyu."

Ile maneno tu. Kicheko ikakatika. Nikasema, "Kazadi, ndugu yangu, nilikuwa natunga tu," nikamunyooshea mukono. Akanizunguka mbali, vile mutu anazunguka nyoka. Mukono ikabaki mu hewa. Bamama bakaita batoto yabo ndani, moja moja, mpaka njia ikabaki wazi.

Chupa bibi yangu aliirudisha ku muti, sijui kwa nini. Nikiitoa, batasema nimeificha. Nikiiacha, batasema naendelea. Sasa hivi kandege kamoja kamekuja, kakaanza kunywa bila haraka. Nimetoka, nimekafukuza na kitambaa. Mara ya kwanza.

Ya mamba hakuna mwenye aliamini. Ya simba wa Mutshatsha, mwenye nilimufunga na mukaba yangu ya suruali, balicheka mpaka machozi. Miaka yote natunga, na hii moja njo bameamini.

Kesho ni kazi. Tunapaka rangi ku magazini, ile nyumba kubwa ya kuweka mizigo, mi juu kabisa karibu na paa, na mwenye kunishikia ngazi ni Kazadi.

Kama ningekuwa yeye, ningeishika nguvu?