Meno ya Juu ya Riziki

Yaya Mwayuma,

Juzi nimepewa cheti. Tulikuwa watatu tuliojifunza kazi ya meno kwenye lopitali ya hapa Kasongo, na sote tumefaulu. Bwana munganga, yule daktari Mbelgiji wa ndevu nyekundu, alisimama mbele ya watu akasema Ramazani ndiye anayependa watoto kuliko wenzake. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Nilikuwa nakufikiria wewe, dada yangu.

Hukupata kuniona kazini, basi nikueleze. Walitutuma vijijini. Tulipanda kamio, lori la kubeba pamba, mpaka barabara inapoishia, kisha miguu. Tulikuwa na kitambaa kilichochorwa kinywa kikubwa cha mtoto. Tunakitundika ukutani, kina mama wanakaa na watoto mapajani. Tunawaonyesha kupangusa ufizi wa mtoto mchanga kwa kitambaa safi chenye maji, kumchongea aliyekua kidogo mswaki laini, kutomwacha alale na muwa mdomoni. Kisha tunatazama vinywa, kimoja kimoja. Watoto wanalia, wananing'ata vidole. Naipenda kazi hii, yaya. Hilo halikuwa uongo.

Na kila kijiji kulikuwa na mama mmoja aliyengoja wengine waondoke, akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: na mtoto akianza kuota meno ya juu, ndiye yule kigego wa kuleta mikosi? Nami nilijibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Iko meno tu, mama! Ya juu, ya chini, yote imetoka kwa Mungu mumoja. Hakuna kigego!" Wengine walicheka, wengine machozi yaliwatoka. Nilisifiwa sana kwa maneno hayo. Wenzangu wakawa wananiachia mimi sehemu hiyo.

Kisha ikaja barua yako kutoka Wamaza. Dereva wa kamio alinipa mlangoni mwa lopitali. Uliiandikisha kwa karani wa pamba, kwa sababu mimi ndiye niliyepelekwa shule, nawe ukabaki nyumbani kunipikia. Maneno yalikuwa machache. Riziki ameota meno mawili, ya juu. Pamba ya mume wako Amisi imeliwa na wadudu, mama yake ameanguka akaumia kiuno, na yote wamemtwika mtoto. Mkwe wako huyo amekwisha kumwita bibi mmoja aje "kumwondoa". Nawe ukasema: "Njoo, ndugu yangu. Sema kwetu yale unayosema kwa wengine. Wewe umetumwa na wazungu, watakusikia."

Nilikwenda kuomba karatasi ya safari. Bwana munganga alisema tunakwenda Lusangi. Wamaza ni baada ya mvua. Akaniuliza, kuna nini Wamaza? Wenzangu wawili walikuwa wamesimama pale pale. Nikasema, "Mambo ya familia, Bwana." Akasema mambo ya familia yatangoja.

Nimemchukia mzungu yule kwa jibu hilo. Bado namchukia. Lakini wewe uko mahali ambapo huwezi kudanganywa, kwa hiyo sikiliza. Mambo ya kigego yalikuwa yanamkasirisha darasani mpaka anapiga meza. Ningesema, Bwana, kuna mtoto wanataka kumuua kwa sababu ya meno, labda angenipa gari lake mwenyewe. Sikusema. Niliona haya wenzangu wajue kwamba kwetu pia kuna kigego. Mimi, mwenye ile sauti kubwa.

Siku uliyofika Kasongo nilikuwa Lusangi. Ulitembea njia yote ile na mtoto mgongoni, mvua ikikunyeshea, maana ulisikia yule bibi amekwisha kufika kwa wakwe zako. Ulifika unakohoa. Na Shangazi Zaituni, dada wa baba yetu, aliyetulea sote wawili, akasimama mlangoni akasema: "Wewe ingia, mwanangu. Huyu abakie inje."

Hukuingia. Ulikaa barazani na Riziki siku mbili. Watu wa mtaa wetu walikwenda msikitini, wakarudi, wakakusalimu. Wote wanakufahamu tangu utoto. Hakuna aliyesema njoo kwangu. Mwanamke mmoja wa Kabambare, aliyekuja mjini kuuza mihogo, asiyejua hata jina lako, ndiye aliyekushika mkono akakupeleka lopitali.

Niliporudi nikakukuta pale, ulikuwa unapumua kama mtu anayepanda mlima. Hukuniuliza kwa nini sikuja. Afadhali ungeuliza. Ulimfungua Riziki mdomo kwa kidole, ukasema: "Angalia. Ya chini yameota njiani."

Niliangalia. Yalikuwa yameota, mawili. Kama wangemngojea siku chache tu, yaya. Siku chache! Ulikufa kabla ya adhuhuri.

Shangazi alikuosha na kulia kuliko wote. Siku hizi anambeba Riziki mtaa mzima na kusema yeye hakuamini mambo yale kamwe. Namsikiliza, nakula chakula chake, nanyamaza. Sijui kama ni heshima au ni ule woga wangu wa zamani.

Mvua zilipokwisha Amisi alikuja na kuku mkononi. Kabla hata ya kusalimu alimshika mtoto kidevu, akamtazama mdomoni kama mtu anayenunua mbuzi. "Sasa iko sawa," akasema. "Nimekuja kuchukua mutoto wangu." Nilimfukuza. Akatushtaki kwa chifu, na kwa desturi mtoto ni wa baba, kwa hiyo nilijua nitashindwa. Ndipo nilipokwenda kwa bwana munganga. Safari hii nilisema yote, wenzangu wakisikia, manesi wakisikia. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akachukua kalamu akaandika karatasi kwa mkubwa wa serikali, na chai yake ilikuwa haijapoa alipomaliza. Riziki akabaki kwangu.

Hiyo ndiyo inayonila. Ilikuwa rahisi namna ile. Na wenzangu wale niliowaonea haya? Mmoja alinishika bega akaniambia dada yake mdogo naye alikuwa kigego, na hawakumwona tena.

Mwezi uliopita tulifika Wamaza. Nilitundika kitambaa karibu na nyumba ya wakwe zako. Mkwe wako alikuja na fimbo yake akakaa mbele. Kina mama walipouliza juu ya meno ya juu, ile sauti kubwa haikutoka. Nilisema tu: dada yangu aliitwa Mwayuma, aliolewa hapa, kaburi lake liko Kasongo. Hakuna aliyecheka. Mkwe wako aliinuka akaenda zake polepole, na mimi, niliyengoja siku ile kwa muda mrefu, sikupata raha yoyote. Lakini jioni mwanamke mmoja alileta mtoto wake, akamfungua kinywa mbele ya mume wake na mbele yangu. Mume alitazama, akasema, "Basi tungoje, yaliyobaki yataota." Ndiyo hayo tu niliyokuletea kutoka kwa wakwe.

Lala sasa, yaya. Mungu akupanulie kaburi lako, akupe nafasi ambayo sisi ndugu zako tulikunyima. Riziki anaanza kuuliza maswali, na mimi ananiita baba. Nakuahidi hivi: siku atakapouliza habari zako, sitamwambia ni mvua, wala ni kifua, wala ni kazi ya Mungu. Nitawataja watu kwa majina yao, na nitaanza na langu. Kisha yeye mwenyewe ataamua aniite nani.

Mdogo wako,
Ramazani