Mwanafunzi Aliyebaki Hekaluni

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, anakohoa kidogo asubuhi, na macho yake ni yale yale, giza tupu.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kwa mara ya nne kama Baba amebadili msimamo kuhusu kuhamia kwako, maana chumba umeshamtayarishia na shemeji ameridhia. Jibu lipo, dada, ila linanipa shida kulitoa. Nivumilie nilifikie kwa mwendo wangu.

Kwanza ujue ninavyoishi. Vyumba vyetu ni vile vile viwili, na dirisha bado linatazama ukuta wa ghala, kwa hiyo nawasha taa mchana kweupe ili nione tundu la sindano. Nashona mpaka saa sita, kisha Baba anakula. Ikifika saa nane anasogeza kiti mbele ya televisheni asiyoiona na kuniambia niweke ile picha. Unaijua. Ile ya kung fu, ya kijana mwembamba anayekwenda hekaluni kujifunza kupigana baada ya kaka yake kuuawa. Baba aliionyesha miezi minane mfululizo alipokuwa akiendesha mashine pale sinema, na mimi na wewe tukipanda stuli kwa zamu kuchungulia kwenye kitundu cha ukutani. Ulikuwa ukinikanyaga vidole ili nishuke upesi, usijifanye umesahau.

Kaseti yake alipewa na mwenye duka la video siku macho yalipozima kabisa. Miaka mitatu sasa, haijapita siku bila hiyo picha. Kichina hatukijui, na maandishi ya chini Baba hayaoni, basi mimi ndiye macho yake na mdomo wa Wachina wote. Nakuwa mwalimu, nakuwa mwanafunzi, nakuwa yule mbaya anayepapasa ndevu kabla hajaua mtu. Jirani yetu fundi viatu huja kusimama mlangoni kusikiliza, na akianza kucheka nami nazidi kutia chumvi.

Nisikufiche, hata mimi naipenda. Ngumi zao zinalia kama mtu anayekung'uta godoro, na hakuna ngumi duniani inayolia hivyo, lakini moyo unaruka. Halafu kuna yale mateso. Mwalimu hamfundishi kijana kitu. Anamfungia lango na kumpa masufuria ya hekalu zima ayasugue kwa mkono mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kijana ananuna, analia, anasugua. Siku adui anapoingia, ndipo anagundua kwamba ule mkono ulikuwa ukijifunza muda wote. Hapo Baba hupiga goti lake kwa furaha. Mimi nami nimefua mashuka, nimemkoroga uji, nimemwogesha, nikingoja mikono yangu igundue kitu. Imejua kufua tu.

Nimechoka, dada. Kuna siku najikuta nimesimama katikati ya chumba na mkasi mkononi, sikumbuki nilitaka kukata nini. Yule mwalimu wa shule aliyetaka kunioa nilimkataa. Kazi ya kiwanda cha nguo niliikataa. Kila aliyeniuliza sababu nilimjibu kwamba nina baba kipofu, akanipa pole na kunisifu kwa moyo wangu wa subira.

Sasa nikueleze ya Jumanne. Tulifika mwisho wa picha, nikasimulia kama kawaida yangu, kwamba mwalimu amemwambia kijana huko nje hakuna anayemkumbuka, kijana amepiga magoti, ameamua kubaki, na lango limefungwa. Baba akaomba nisimamishe kanda. Akaniuliza, kwa sauti ile ya upole aliyokuwa akitumia tukiwa na homa, kwa nini yule kijana simwachi atoke. Alisema ameionyesha ile picha zaidi ya mara mia tano na masikio yake hayajafa. Kila siku anasikia komeo likivutwa, bawaba zikilia, na nyayo za kijana zikishuka ngazi za mawe mpaka zinapotelea, na kila siku mimi namwambia kijana amebaki. Mwanzoni alidhani nimechanganya. Baadaye alianza kujiuliza, kama naweza kuwabadilishia Wachina maneno yao, barua za binti yake mkubwa nazisomaje.

Nilikosa pa kuficha uso, ingawa hakuwa akiuona.

Dada, barua zako zote nimemsomea mimi. Nilisoma salamu, nikasoma habari za watoto, na nilipofika pale unapomwita aje kwako, niliruka. Mara zote nne. Yale majibu kwamba hataki kuhama, kwamba atafia hapa alipozikwa Mama, niliyatunga mimi. Nilimshika mkono akaweka dole gumba chini, akidhani anakuletea salamu. Mwaka wa kwanza aliniuliza kila wiki kama umesema lolote kuhusu kumchukua. Nilimjibu kwamba una mambo mengi. Mwaka wa pili aliacha kuuliza.

Niliogopa. Baba akiondoka sina tena sababu ya kuwa ndani ya vyumba hivi. Nitaulizwa mbona sikuolewa, mbona sikwenda kiwandani, na sitakuwa na mtu wa kumsingizia. Kweli nilikuwa naumia, lakini funguo zilikuwa kwangu. Nilimfungia mzee wetu ndani kisha nikakaa naye nikilalamika. Naona aibu hata kuiandika, na sitakulaumu ukiichana.

Jioni ile nilimsomea barua zako upya bila kuruka neno. Alitaka nirudie mara tatu pale unaposema dirisha la chumba chake linatazama barabara na atasikia watu wakipita. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Barua hii mpaka hapo juu nimempa fundi viatu amsomee Baba, kwa kuwa mimi siwezi tena kuaminika. Ameisikia yote ndipo akaweka dole gumba unaloliona hapo chini. Safari hii ni lake kweli. Njoo umchukue haraka, usisubiri mwisho wa mwezi. Mimi bado sijajua nitakwenda wapi, na safari hii usinionee huruma. Tangu Jumanne Baba ameketi karibu na mlango na viatu miguuni, havivui ila wakati wa kulala, na kila gari likisimama nje ananiuliza kama ni wewe.

Wabusu wanangu. Shemeji mpe salamu zangu, ukiona bado nastahili kumsalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba