Daktari wa Mpira

Mama yangu mpendwa,

Huko uliko, najua bado unanitangaza. Hapa duniani hukuwahi kujizuia, utajizuia huko?

Nimekumbuka ile wiki niliyorudi nyumbani Kitengela na shahada yangu ya udaktari, mvua ya El Niño ikiwa imegeuza mtaa wetu wote kuwa tope jeusi. Sijamaliza hata chai, Mama Ndinda na wenzake wa kanisani wakavua gambuti mlangoni, wakaketi kwa foleni kwenye makochi. "Niko na hii goti, daktari," Mama Ndinda akaniambia, akianza kupandisha sketi. "Inauma kutoka Krismasi."

Nilikuvuta jikoni. "Mama, umewaambia watu nini?"

"Nimewaambia mtoto wangu ni daktari. Kwani wewe si daktari?"

"Daktari wa mpira, Mama! Nachanganya mpira na masizi ndio roboti ishike kitu bila kukivunja!"

Ulinikazia macho. Wale wanawake ndio waliokuwa wakikuuliza kila Jumapili kusoma kwangu kutaisha lini, na kama nitawahi kuolewa. Ukashusha sauti: "Mutheu, usiniaibishe. Pima tu kitu."

Ai, Mama! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Lakini nilikujua. Nikatoa kwenye begi ukanda wangu wa mpira mweusi, pamoja na kisanduku chake cha betri chenye sindano ya kuonyesha kipimo, kama ya saa. Mpira ukibonyezwa, sindano inasogea. Siku moja vidole vya roboti vingevalishwa mpira huo, lakini hadi hapo nilikuwa nimeujaribu kwa mawe ya mizani peke yake. Nikakukalisha mbele yao, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono wako.

Sindano ililala tu. Mama Ndinda akakohoa. Nikausogeza kidogo, nikakaza, jasho likinitoka, na sindano ikaruka. Ikaruka tena, na tena. Sebule nzima ikawa inautazama moyo wako ukidunda.

"Wuui!" Mama Ndinda akashika kifua.

"Nilisema uongo?" ukawauliza mmoja mmoja, kidevu juu. Goti nililituma hospitali, lakini hakuna aliyejali tena goti.

Nilirudi maabara nikiwa na kiburi chako. Wakubwa walisema mpira hauwezi kuhisi vitu vidogo, nami nilikuwa nimeshauona ukihisi. Miaka ikaenda, vidole vya mpira nilivyotengeneza vingine vikapasuka, vingine vikakauka kama ugali wa jana. Halafu siku ile, mkono wa chuma wenye ngozi yangu ya mpira ukainua yai, ukalishika, ukaliweka chini zima. Nikakupigia simu nikilia.

"Halijavunjika?"

"Halijavunjika, Mama!"

Ulipiga vigelegele hadi majirani wakadhani hatimaye nimeposwa.

Sasa kazi ile inasomwa na watu nisiowajua, katika nchi nisizowahi kukanyaga. Tumeshinda, Mama, na sioni haya kusema hivyo kwa sauti. Kinachoniuma ni kwamba wewe ungelisema kwa sauti kubwa zaidi.

Vijana wa maabara huniuliza nilijuaje kwamba mpira ule ungefanya kazi siku ile sebuleni kwetu. Nawaambia sikujua. Mama yangu alikuwa ameshawaahidi watu.

Pumzika, ila usinyamaze.

Ni mimi, binti yako,
Mutheu