Aliyechora Mpaka

Ofisi ya Ramani, chumba namba 6
Jumatatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, ila kutulia ndiko kumenishinda. Nimeianza barua hii mara nne. Kila nikikaa nasimama tena kwenda dirishani, hata wenzangu wananiuliza kama kiti changu kimeota miiba.

Hapa mjini mambo yanabadilika kila uchao. Tangu vita viishe, ukuta wa ofisi yetu umekwisha kutundikwa picha za wakubwa watatu, kwa msumari uleule. Mpiga chapa wetu husema anayestahili kutawala ni huo msumari, maana ni huo tu ambao haujapinduliwa. Barabara ya sokoni imepewa jina jipya, mashimo ni yale yale. Na kila asubuhi redio inatukumbusha kwamba nchi imekua, tumepata ardhi yote hadi mtoni. Watu kwenye foleni ya mkate wanapiga makofi, kisha wanauliza mkate umefika au bado.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unasema askari walifika kwenu, wakawatangazia kwamba sasa ninyi ni raia wa huku, na vijana wote wa ardhi mpya waripoti kambini mwisho wa mwezi. Mpwa wangu wameshamwandika jina. Ukaniomba, kwa kuwa nafanya kazi serikalini, nimtafute huyo aliyechora mpaka ili uje umpigie magoti, huenda naye ana dada. Maneno hayo ya mwisho nimeyasoma mpaka karatasi imelegea.

Ngoja nikueleze kazi yetu inavyokwenda. Mkataba ulisema mpaka ufuate mto, basi, haukuongeza neno. Lakini unajua mto wenu ulivyo. Bwawa lilipolipuliwa mwaka ule wa pili wa vita, maji yaliiacha njia yake ya zamani nyuma ya kijiji chenu, yakahamia mbele, upande wa huku. Ramani tulizo nazo ni za kabla ya vita. Kwa hiyo mchoraji hunakili mto kutoka ramani ya zamani, kisha hulinganisha na daftari la mpimaji aliyekwenda kuikanyaga ardhi yenyewe, anasahihisha, anatia saini, ndipo mkuu anagonga muhuri. Mkuu wetu tunamwita Mzee Rula kwa jinsi anavyotembea. Siku ya kugonga muhuri alikuwa anaharakishwa na wakubwa, akauliza tu kama mstari umelinganishwa. Akaambiwa ndiyo. Alifurahi sana, kwa sababu nchi ilipata vijiji vitatu zaidi ya walivyotarajia.

Aliyemwambia ndiyo ni mimi. Mtu unayemtafuta ni mimi, dada, wala sikukosea kwa bahati mbaya. Daftari la mpimaji lilikuwa wazi mezani. Niliuona mto mpya, nikaona kijiji chenu kinabaki ng'ambo, nikawaza miaka saba sijakutia machoni, mama akazikwa wewe hupo. Nikalifunga daftari. Nilitaka uwe upande wangu, basi. Habari za kambi hazikunijia kichwani hata kidogo, na naona aibu kukuandikia hivyo.

Unakumbuka nilivyochafua ukuta wa sebule kwa mkaa, mama akauliza nani kachora, ukasema ni wewe? Ulichapwa mbele yangu, nami nikanyamaza, na chakula cha mchana nikala. Jina la Mkaa mlinipa baadaye, ukweli ulipojulikana, lakini fimbo ulikuwa umeshakula wewe.

Ijumaa wajumbe wa nchi zote mbili wanakuja kutia saini ramani. Leo asubuhi nimempelekea Mzee Rula lile daftari pamoja na maelezo yangu kwa maandishi. Amesoma akiwa amesimama, akaniambia nisitoke mjini, na kwamba kwa jambo hili watu hufungwa. Namjua, anaweza kulifungia daftari kabatini. Kwa hiyo nakala nyingine nimempa mkalimani wa wajumbe wa kwenu, na hilo Mzee Rula hajalijua bado. Mstari ukirudi mahali pake, jina la mwanao litafutwa. Daraja la kuja huku nalo litafungwa, na sijui kama tutaonana tena. Hilo linaniuma kuliko jela.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la chumvi, maana za posta siku hizi zinafunguliwa. Mwambie mpwa wangu asitie mguu kambini kabla ya Ijumaa. Msalimie shemeji, majirani nao wasalimie, ingawa wakijua wataikataa salamu yangu. Na wakija watu kukuuliza nani alichora, safari hii, dada yangu, usijibu wewe.

Mdogo wako,
Mkaa