Kwa Dwight, Aliyechukuliwa Ili Mwingine Asimpate

Nyumba ya mwisho, Barabara ya Kinu,
Harlan Creek, Iowa.
Jumatatu, 9 Septemba 1996.

Mpendwa mpwa wangu Dwight,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo huko Buffalo? Mkono wako wa kushoto haujambo? Unalala vizuri katika hiyo hoteli, au ndiyo yale magodoro laini yanayovunja mgongo? Mimi ni mzima kabisa. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nikampunguza daktari. Nina miaka sabini na moja na bado napanda ngazi mwenyewe kusafisha mifereji ya paa, waulize majirani. Mvua ilitosha, mahindi yamekomaa, na nyanya zangu ni kubwa kuliko za mtu yeyote mtaani. Jirani yangu Clete anasema zake ni kubwa zaidi. Mwongo.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliiacha darasa la sita, na barua zote za nyumba hii alikuwa akiandika marehemu mke wangu Irma, mimi naweka jina tu chini. Hii ndiyo ya kwanza naandika peke yangu tangu alipotutoka Februari. Penseli nimeichonga mara tatu na bado niko juu ya ukurasa.

Ningekupigia simu, lakini simu na mimi hatupatani. Nusu sisikii, na nusu nyingine napiga kelele. Na hili nililo nalo si la kupigiwa kelele. Bibi wa posta ameniahidi kwamba nikiileta kabla ya saa sita itakufikia Alhamisi, na nimemwambia nitamshika kwa neno lake.

Mama yako alikuja Jumamosi na bakuli la viazi na nyama, macho mekundu. Akaniambia ulichomwambia kwenye simu, kwamba ikifika Jumapili hujapewa mpira urushe hata mara moja, utafunga mizigo, utaacha besiboli na kurudi nyumbani.

"Wamemtupa, kaka," akasema. "Omaha wamemtupa, Buffalo wamemwokota, na sasa hata Buffalo hawamtaki. Si bora arudi?"

Nikamkalisha. Mambo ya besiboli katika ukoo huu nayajua mimi, na hakuna wa kunibishia. Nikamwambia, Arlene, sikiliza. Julai ikiisha, mlango wa kubadilishana wachezaji unafungwa. Agosti unabaki mlango wa nyuma. Timu ikitaka kumpeleka mtu kwingine, lazima kwanza jina lake lipitishwe kwenye orodha ya siri, timu zote zilione. Yeyote anaweza kumdai. Wakimdai wawili wa ligi yenu, anapewa yule aliye chini zaidi kwenye msimamo. Halafu wenye mchezaji wanakuwa na siku mbili. Wakitaka wanamrudisha kimya kimya kama hakukutokea kitu, au wanapatana na aliyemdai, au wanasema haya, mchukueni na mshahara wake. Kupitishwa kwenye orodha si kutupwa. Kila Agosti majina yanapitishwa kwa mafungu, hata ya nyota, na wengi wenyewe hawajui.

Haya wewe unayajua, lakini nimekuandikia ujue kwamba mama yako alifundishwa sawasawa.

Hakuelewa. Ikabidi nimkumbushe ng'ombe wa Clete. Unamkumbuka yule wa pembe moja? Clete alikuwa kwenye mnada wa mifugo, hana haja ya ng'ombe hata kidogo, akamwona jirani yake Vernon anamtazama yule ng'ombe kwa jicho la kutaka. Clete akainua mkono ili Vernon asimpate, akijua Vernon atapandisha bei na yeye atajitoa. Vernon akatia mikono mfukoni. Clete akarudi nyumbani na ng'ombe, na mkewe akamsubiri mlangoni: "Na huyu wa nini?"

Arlene akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi Buffalo ndio Clete," nikamwambia, "na Memphis ndio Vernon." Memphis wanaongoza, Buffalo wako nyuma yao mechi mbili. Memphis walikutaka wewe, kwa sababu wapigaji wakubwa wa Buffalo wote wanapiga kwa kushoto, na hakuna anayewasumbua wa kushoto kama wewe. Buffalo wakakudai ili usifike Memphis, wakidhani Omaha watakurudisha. Omaha wakasema chukueni.

"Kwa hiyo mwanangu ni ng'ombe?"

"Ng'ombe mzuri sana."

Akanichapa kwa taulo la jikoni.

Jana baada ya kanisa nikapita mkahawani, na Clete mwenyewe akaanza, mbele ya watu wote: "Orval, nasikia mpwa wako amenunuliwa kwa bahati mbaya!"

"Nyamaza wewe, mwenye ng'ombe wa bahati mbaya."

"Mimi unitukane, Duchess wangu umwache. Huyo ananipa ndoo mbili kila asubuhi. Ni kweli sikumtaka. Lakini kesho yake aliamka zizini kwangu akataka kukamuliwa kama ng'ombe mwingine yeyote. Yeye angejuaje kwamba sikumtaka?"

Nimekuandikia maneno yake kwa sababu katika miaka arobaini hii ni mara ya kwanza Clete kusema kitu cha maana. Usimwambie kwamba nimesema hivyo.

Sasa naingia kwenye lile lililonifanya nichukue penseli.

Wewe umekua ukijua kwamba mjomba wako alikuwa mdakaji wa ligi kuu, na kwamba bega la kulia lilipasuka Septemba ya mwaka hamsini na saba, mambo yakaishia hapo. Kila mtu katika kata hii anajua hivyo. Bega halikupasuka, Dwight.

Nilikuwa Louisville, timu ya mkiani. Mwisho wa Agosti Toledo wakanidai kwenye orodha ili Indianapolis wasinipate, na Louisville hawakunirudisha. Nikafika Toledo na begi langu na glavu yangu, mimi, mdakaji bora kuliko wote waliokuwa pale, na hilo nalisema hata leo. Kocha akanitazama, akamgeukia msaidizi wake: "Huyu nani?" Wakanipa jezi ya mtu aliyefukuzwa, ina kiraka kwenye kiwiko. Nikakaa benchi siku kumi na moja. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeniuliza hata jina la mke wangu. Ningetukanwa ningekaa, maana mimi matusi huwa yananipa nguvu.

Siku ya kumi na mbili nikapanda treni nikarudi kwa Irma. Nikamwambia bega.

Baada ya siku mbili tuko jikoni, redio imewashwa, mimi nakula pai. Mdakaji wa kwanza wa Toledo akavunjika kidole. Wa pili alikuwa amelala hotelini na homa. Wakamvalisha kinyago cha mdakaji mchezaji wa pembeni ambaye hakuwahi kudaka maishani mwake. Mipira ikampita, mmoja, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nawajua wapigaji wale mmoja mmoja, nilikuwa naweza kukuambia kila mmoja anapenda mpira upite wapi. Toledo wakafungwa. Msimu ulipoisha walikuwa nyuma mechi moja, na mechi ni ile.

Irma akazima redio. Akatazama mkono wangu, maana nilikuwa nimeinua uma kwa mkono wa kulia muda wote, na sikuwa nimekunja uso hata mara moja. Akajua. Akasema tu, "Orval, kahawa yako inapoa."

Kuanzia siku ile, wageni wakija, Irma alikuwa akichukua chupa ya mafuta ya kuchua na kunichua bega la kulia mbele yao. Bega zima kabisa. Akiwaambia watoto, msimpande mjomba upande ule, unamuuma. Wewe mwenyewe hukuwahi kupanda bega langu la kulia, unakumbuka? Ulikuwa ukikimbia kuzunguka upande wa kushoto, ukiniomba radhi kwanza. Miaka thelathini na minane, mpwa wangu. Hakumwambia mtu, wala mimi hakunisema hata siku tuliyogombana vibaya. Ile chupa ya mwisho bado iko kabatini na nusu yake.

Alipofariki, nilibaki mimi tu ninayejua. Nilidhani nitafurahi. Sasa tuko wawili.

Kwa hiyo sikuandikii kukuambia kwamba watakupa mpira. Huenda wasikupe. Kocha wako ana watu wake, na wewe uliingia pale kwa kosa la watu wa ofisini. Lakini ulifika kabla ya Agosti kwisha, kwa hiyo kanuni inakuruhusu kucheza hata fainali. Watakaokuja sasa wataangalia tu. Kila siku nenda kule nyuma uwanjani, mwombe mdakaji yeyote mwenye nafasi, urushe. Watazame wale wapigaji wa Memphis. Ukiitwa, uwepo. Usipoitwa, uwepo vilevile, mpaka mechi ya mwisho.

Ukitaka kustaafu, staafu Oktoba, mchana, wa kukupa mkono wakupe mkono. Una miaka thelathini na mitano, umeshafanya ya kutosha, wala sitakuuliza swali. Ila usirudi huku na bega. Mimi nimeishi na langu na ni zito kuliko kama lingepasuka kweli.

Haya yote mama yako sijamwambia. Nitamwambia Jumapili, yeye na Clete, hapo hapo mkahawani, kabla ya mtu kuagiza chakula. Wewe ukiwa uwanjani siku hiyo, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya Clete. Tuone nani ana kazi ngumu zaidi.

Arlene anakusalimu, anasema ule mboga. Clete anakusalimu, na anasema Duchess pia. Nisalimie mkeo Kari kwa heshima zote, mwambie maharage ya kopo aliyotuletea yameisha na nilikuwa nayasema vibaya kwa uchoyo tu. Nisalimie mtoto wenu Signe. Amefika miaka minne sasa? Msimu ukiisha mlete, asiogope. Mwambie mjomba mzee atambeba, na apande bega la kulia.

Mungu aulinde mkono wako, na akikuamsha kila asubuhi katika mji huo usiokujua, akukumbushe kwamba kuna mji unaokujua.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Orval Lindquist