Sauti ya Mwaitu kwenye Simu ya Mativo

Jumatatu, Septemba 8, 2025

Daktari amesema wazi leo. Uvimbe umekula kisanduku cha sauti. Watakitoa chote, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Mwaitu, mama yetu, atakuwa akipumua kwa tundu shingoni na hatasema tena. Mimi ndiye niliyemtafsiria Kikamba — ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kabla kampuni haijaleta mashine ya kutafsiri na kutuaga kwa keki. Nilifika kwenye neno "kamwe" nikakwama. Mama mwenyewe akanigusa goti, akasema ameelewa, niache kumchosha daktari.

Tukarudi nyumbani, mtaa wa Fedha. Akaingia jikoni akapika. Nani angemkataza.

Na ile app yangu ya kufundisha Kikamba imelala tangu Julai kwa kukosa mtu wa kusoma masomo. Nikaifikiria hukohuko hospitalini. Nimeona aibu. Bado naifikiria.

Jumatano, Septemba 10

Mwaitu amekubali kunisomea masomo! Hata hakusita. Anasema watoto wa Nairobi wanawasalimia nyanya zao kwa "hi", basi afadhali simu iwafundishe kuliko wasifundishwe na yeyote. Tumerekodi chumbani, blanketi limetundikwa mlangoni, maana jirani wa juu anatoboa ukuta tangu asubuhi. Sauti yake inakwaruza. Anakohoa, namwambia basi, anasema bado.

Eve, mwenzangu wa app, alipitia jioni. Yeye ndiye wa kuuza hii kitu kwa wazazi, mdomo anao. Alisoma sentensi za Kikamba zilizotungwa na mashine ya AI ninayoitumia kutunga masomo, akacheka mpaka akakaa chini.

— Ndanu, hii si Kikamba. Hii ni Kikuyu ya shosho yangu imevaa tai.

Ni kweli. Inachanganya Kikamba na lugha ya huyo nyanya yake, tena kwa adabu. Ukiikosoa inakushukuru sana, halafu inarudia kosa lilelile. Mwaitu alisahihisha kila kitu akiwa amelala ubavu, akiguna. Siku nyingi sijamwona akifurahia kitu hivyo.

Ijumaa, Septemba 12

Koo limezidi kuvimba, hawezi kusoma tena. Eve amenionyesha mashine nyingine: unailisha sauti ya mtu, kisha inasema lolote utakaloandika. Nilimwuliza Mwaitu kwanza. Alisema haya, mradi yawe maneno yake. Nikamwahidi.

Nilipoisikiliza mara ya kwanza nililia kama mjinga. Mashine imeondoa mkwaruzo wote. Ni mama yule wa Makadara, tulikokulia, anatuita kutoka jikoni, mimi niko darasa la tatu.

Kisha nikarudi kazini. Somo la nne, kuita watu mezani. Nikaiambia itunge sentensi kwa majina ya kwetu, nikayaandika harakaharaka, nikabonyeza, nikakimbia kuepua ugali. Sikusikiliza zote. Nimemtumia kaka yangu Mativo ajaribu. Anashinda kwenye lori, mtaa wa Baba Dogo, akingoja kupakiwa, muda anao.

Jumamosi, Septemba 13

Mativo amepiga simu. Sauti ilikuja kwa mbali, honi za malori nyuma yake. Nikadhani ni mtandao.

— Ameniita.

— Nani?

— Mwaitu. Ameniita kwa jina.

Nikaketi. Acha niandike, niuone ujinga wangu vizuri. Mativo ni kifungua mimba, kwa hiyo alipewa jina la babu, baba yake baba. Na mke wa Mkamba hataji jina la baba mkwe. Ni nthoni — heshima na aibu katika neno moja. Hata akimzaa mwenye jina hilo, hamwiti. Mwaitu hajawahi kumwita Mativo, si kwa hasira, si kwa furaha. Humwita Kavisi, yaani kijana, mpaka leo ana mvi na watoto wake. Hayo nimeyajua tangu nilipopata akili. Na jana nikaandika jina hilo kama ninayeandika sukari na chumvi. Sasa sauti yake inasema: Mativo, njoo ule. Amri! Kwa baba mkwe wake!

Nimemwambia afute. Amesema ngoja kidogo. Upande wangu nimefuta, kwenye app haimo tena. Mwaitu hajui. Hatajua.

Jumapili, Septemba 14

Amejua.

Mativo alikuja baada ya kanisa. Alikula vizuri, akamtania Mwaitu kwamba hospitali itamnenepesha. Kisha akajifungia bafuni na simu. Akadhani maji ya bomba yatafunika ile sauti ikimwita. Nyumba hizi zetu! Ukipiga chafya huku jirani anakuombea.

Mama aliweka kikombe chini. Akauliza ni nani amesema hivyo. Nikajaribu kueleza — mashine, majina, haraka yangu. Kikamba changu kikaniishia mdomoni. Mativo akatoka mikono ikiwa bado na maji, akasimama hapo, mwanamume mzima, kama aliyefumaniwa.

Mwaitu akasema polepole, koo likimkwaruza: mzee yule alinipokea kwake nikiwa msichana, nikamzika, sikumtaja. Leo nimemwita kama kuku.

Nikasema si wewe, Mwaitu, ni mashine.

Akasema: ni sauti yangu. Na nikishakatwa, nitamwambiaje mtu kwamba haikuwa mimi?

  Akajifunika leso kichwani akageukia ukuta.

Jumanne, Septemba 16

Hasemi. Anaweza, lakini hasemi. Siku za mwisho za sauti yake, na anazimaliza kwa kunyamaza. Chai anapokea, dawa anameza. Nikimsalimia anatikisa kichwa. Nimefuta masomo yote, si lile moja tu. Nimeifuta na sauti ile ya mashine. Nilimwonyesha skrini tupu. Alitazama, kisha akanyoosha kidole mlangoni, alikopitia Mativo juzi akiondoka na simu yake. Amezaliwa kabla ya umeme kufika kwao, lakini anajua kitu kilichotumwa hakirudi.

Eve amesema pole, halafu akasema wazazi watatu wa Fedha walishakubali kujaribu. Nikamkatia simu. Nitamwomba msamaha siku nyingine.

Alhamisi, Septemba 18

Nimeiuliza mashine jinsi ya kufuta faili kwenye simu ya mtu mwingine. Imeniambia inasikitika kwa ninayopitia. Kisha ikanipa hatua, zimepangwa vizuri, ya kwanza: hakikisha unayo simu hiyo mkononi. Asante sana.

Nikaenda Baba Dogo mwenyewe. Mativo alikuwa kivulini kando ya lori, wenzake wakicheza drafti. Tukasogea pembeni.

— Nipe simu.

— Sikupi, Ndanu.

— Mtu anaenda kukatwa Jumatatu. Unataka aende hivi?

Alisugua uso. Akasema anaijua nthoni, hakuna anayemfundisha. Mke wake mwenyewe anaishika. Lakini utotoni, wenzake wakiitwa kwao jioni — Kabiru, Githinji, Okumu, kila mmoja na jina lake — yeye alikuwa kijana tu, kijana wa yeyote. Alijua sababu, na bado alikuwa akingoja.

— Sijawahi kumlaumu. Lakini sasa nimesikia. Utaniambia nisisikie?

Zamani kosa kama hili lingelipiwa mbuzi, yakaisha. Nani atoe mbuzi hapa, mimi au kompyuta? Nilimwita mbinafsi. Nikalia barabarani, watu wakitazama. Namchukia na namwelewa. Nimechoka.

Jumapili, Septemba 21

Kanisa limekuja kumwombea. Waliimba, naye akawa akipiga makofi taratibu bila kufungua mdomo. Mchungaji akasema ni imani ya kimya. Nikatazama sakafu.

Mativo alikaa karibu na mlango. Mama alimtengea nyama yake kama kawaida, kipande chenye mfupa. Hakumwita. Alimsogezea sahani tu.

Jumatatu, Septemba 22

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji.

Amesema asubuhi. Wauguzi walikuwa wanamvua pete, imekaza, wanapaka sabuni. Akanitazama, akauliza kwa kile kisauti kilichobaki:

— Imefutwa?

Mativo alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasema ndiyo, Mwaitu.

Akainua macho akamtazama yeye juu ya bega langu.

— Kavisi. Imefutwa?

— Ndiyo, Mwaitu.

Akafumba macho, uso ukalegea. Wakamsukuma ndani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani kwa sauti yake, na sisi tumemjibu uongo, wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

 Nilimwuliza mara moja tu atafuta lini. Akasema atafuta Mwaitu akitoka, atafuta mbele yake ashuhudie. Kisha akahamia mwisho wa benchi, akavaa vile vidude vya masikioni, akainamisha kichwa. Kila baada ya muda kidole gumba kinagusa skrini, palepale. Najua anasikiliza nini. Sentensi ni fupi.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Ameshusha barakoa, anatabasamu kidogo, kwa hiyo yuko hai. Asante Mungu. Anasema ameanza kuzinduka, anahangaika, anatafuta mtu kwa mkono. Aingie mmoja tu, yule aliyetia sahihi fomu ya upasuaji.

Anasoma kwenye faili. Anaita: Mativo.

Anaita tena.

Hasikii.